Busia na Malaba: Picha Tulizopiga na Maneno Tuliyoambiana

Safari hii ilianza kwa neno mashaallah. Sisi ni wanawake sita wa Mombasa tunaopenda kupiga picha, watano kwa simu zetu na mmoja kwa kamera aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kwa muda wa miaka miwili kila aliyepiga picha aliwaonyesha wenziwe, na wenziwe wote walijibu mashaallah. Bahari iliyoinama upande mmoja kama sinia linalomwagika ilipata mashaallah. Mtoto wa Idi aliyekatwa miguu na ukingo wa picha alipata mashaallah. Hata siku moja Mwalimu, ambaye amestaafu kusomesha lakini hakustaafu kuuliza, akatutazama mmoja mmoja na kusema: "Katika miaka miwili hii, nani kajifunza nini?" Hapakuwa na aliyejibu. Neno lile ni dua ya kumkinga mtu na jicho. Sisi tulikuwa tumelifanya pazia la kujisitiri, tusiseme tulichokiona.

Basi tulipoalikwa na jamaa yetu aliyeolewa Busia, tuliwekeana sharti. Kila usiku, baada ya Isha, kila mmoja ataweka mbele ya wenziwe picha tatu za siku ile. Wenziwe watamwambia kitu kimoja kilichomo katika picha na kimoja kilichokosekana, naye atanyamaza hadi waishe. Tulisindikizwa na mume wa mmoja wetu pamoja na mwanawe wa kiume, waliobeba mizigo na kuvumilia mazungumzo. Tunajua wapo miongoni mwa wasomaji wetu wasioona raha na picha za viumbe wenye roho. Mjadala huo una wenyewe, ambao ni masheikh wetu, nasi hatukuusogelea.

Treni ilitufikisha Nairobi, na basi la usiku likatupitisha Nakuru na Kisumu. Kutoka Kisumu hadi Busia ni kilomita zaidi ya mia moja tu, lakini mgongo uliokaa usiku kucha huzihesabu kwa namna yake. Tuliteremka alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya mihogo, na mwadhini wa msikiti wa mjini ametutangulia.

Busia ni mji mmoja uliopewa nchi mbili. Ng'ambo ya mpaka kuna Busia nyingine, ya Uganda, na mtu akikuambia anakwenda Busia huna budi kumuuliza ni ipi. Barabara kuu inanyooka moja kwa moja hadi mpakani, na kando yake wamekaa wabadilishaji fedha wenye mabunda ya shilingi za Kenya na za Uganda. Utasikia Kiswahili, Kiluhya cha Wakhayo na cha Wasamia, Kiteso na Kiganda, mara nyingine vyote katika kupatana bei ya fungu moja la nyanya. Watu hawa hawakuufuata mpaka. Mpaka ndio uliowafuata. Kabla ya 1902 nchi yote hii, hadi huko Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kisha Waingereza wakaihamisha kwa kalamu. Wateso na Wasamia wakajikuta wana shangazi huku na wajomba kule.

Na neno bodaboda, ambalo leo hata mtoto wa Lamu analijua, linatokana na mpaka huu. Zamani kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi ya pili palikuwa na kipande cha ardhi ambacho magari ya abiria hayakukivuka. Vijana wa hapa, tangu miaka ya 1960 na 1970, waliwapakia watu na mizigo juu ya baiskeli na kuwavusha, wakinadi "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Sasa mambo yamebadilika. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua hapa kituo cha pamoja, ambapo msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Ndani ya eneo la forodha tuliuliza kwanza kama picha zinaruhusiwa, na askari akatujibu kwa upole kwamba haziruhusiwi. Tukafunga kamera na kwenda sokoni.

Usiku wa kwanza, barazani kwa mwenyeji wetu, tuligundua kwamba karibu picha zetu zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Busia iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, na ifikapo adhuhuri jua huwa juu ya utosi. Macho ya watu yalikuwa mashimo meusi, na paji la uso liking'aa kama bati. Simu nayo, ikiona mbingu nyeupe nyuma ya mtu mweusi, huipima mbingu na kumwacha mtu gizani. Mwenye kamera alituonyesha dawa yake: gusa uso wa mtu kwa kidole juu ya kioo, uiambie simu ni nani unayemtaka, kisha upandishe au uteremshe mwanga polepole. Au uahirishe mpaka alasiri, jua linapolala na kuwapaka watu rangi ya asali.

Kwa mabuibui yetu kisa ni kinyume chake. Kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weusi wa wastani. Ikikutana na weusi mwingi huongeza mwanga, na buibui jipya likatoka kijivu kama lililofuliwa miaka kumi. Hapo ni kuteremsha mwanga kidogo. Tulicheka sana kwa hili, maana mmoja wetu alikuwa amekwisha kumlaumu fundi wa kitambaa. Mwalimu akaongeza kwamba lawama si yetu peke yetu: tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye mwanamke mweupe ili zipimie rangi kwayo, na ngozi zilizo kama zetu zikabaki kuwa tatizo la mwenye ngozi.

Kisha ikafika zamu ya Ma'mkubwa. Ndiye mkubwa wetu kwa umri, amepita miaka sabini, na simu yake alinunuliwa na mwanawe mwaka jana. Picha yake ilikuwa ya soko, imepigwa kwa mbali na kuvutwa mpaka ikavunjikavunjika, meza na magunia na miguu ya watu vimechanganyika. Mdogo wetu, msichana wa chuo, akasema pale pale: "Hii haina kitu, Ma'mkubwa. Ungeifuta tu."

Ma'mkubwa hakukasirika. Aliilaza simu kifudifudi, akasema, "Sawa, mwanangu," akachukua tasbihi yake. Sisi wengine tuliona haya, lakini hatukusema neno. Kwa miaka miwili tulikuwa tumeficha ukweli kwa adabu, na sasa, usiku wa kwanza tu, ukweli umetoka bila adabu.

Asubuhi yake Ma'mkubwa aliitia simu ndani ya mkoba na kuufunga. Mwalimu hakumgombeza yule binti. Alimkalisha kando, akamfungulia picha ile ile ambayo Ma'mkubwa alikuwa amekwisha kututumia sote, akamwambia: "Usiniambie imekosa nini. Niambie alikuwa akitazama nini." Binti aliikuza, akaizungusha, akaikuza tena. Pembeni kushoto, chini ya meza ya muuza dagaa, kati ya magunia mawili, alilala mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, kiganja kimoja chini ya shavu. Hicho ndicho alichokiona bibi yule katika soko zima. Hakusogea karibu kwa kuchelea kumwamsha.

Tunaliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu tunaamini makosa mengi ya kukosoana yamo hapo. Tunaihukumu picha kabla hatujajua mwenzetu aliona nini. Lau binti angesema, "Ma'mkubwa, mtoto huyu ni mzuri, lakini amepotea, mwakani ukimwona mwengine, msogelee kwa miguu yako, usimvute kwa vidole," maneno hayo yangekuwa ya kweli vile vile, na pia yangekuwa na faida. Alikwenda kumwomba radhi. Ma'mkubwa alimjibu kwamba hakuna kosa. Lakini simu ilibaki mkobani.

Siku hiyo tulikwenda Malaba, mwendo wa kilomita kama thelathini kuelekea kaskazini. Ukiwa mtu wa Mombasa, Malaba si mahali pa ugenini kabisa. Makontena tunayoyaona yakitoka bandari ya Kilindini huja kuishia hapa, baada ya kilomita zaidi ya 900, yakingoja kuvuka kwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo. Reli ya kale pia inavuka hapa. Ndiyo iliyofika Kampala mwaka 1931. Mto Malaba ndio mpaka, na ng'ambo yake, siku isiyo na ukungu, unaliona jabali la Tororo limesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na msafara. Tulilipiga picha sote sita. Zote zilikuwa sawa, na hatutawachosheni nazo.

Kilichotushika ni malori. Yamepangana kando ya barabara, moja nyuma ya jingine, hadi macho yachoke. Chini ya matela madereva wamewasha majiko, wamefua mashati na kuyaanika juu ya vioo vya pembeni. Wangapi kati yenu, wasomaji, mna mume au kaka au mwana ambaye akikupigia simu na kukwambia "niko Malaba" hujui awaza nini, akala nini, akalala wapi? Wenyewe walitusimulia habari za 2020, mwaka wa Korona, kila dereva alipotakiwa apimwe kabla ya kuvuka na foleni ikarefuka makumi ya kilomita, watu wakilala ndani ya vichwa vya magari usiku baada ya usiku.

Kijana mmoja alizitambua lafudhi zetu kabla hatujamfikia. Alikuwa wa Changamwe. "Shikamoo, mama," alimwambia Ma'mkubwa, naye akaitika marahaba kwa furaha ya mtu aliyekutana na kwao. Kijana akasema: "Mama, nipige moja nimpelekee mamangu. Kila siku aniuliza nalala wapi."

"Mimi sijui kupiga, mwanangu," Ma'mkubwa alijibu. "Mwambie huyu mtoto wa chuo."

Binti akaweka mikono nyuma. "La, Ma'mkubwa. Kakwambia wewe."

Ikachukua muda. Mkoba ukafunguliwa, miwani ikatafutwa, simu ikapanguswa kwa ncha ya mtandio. Safari hii alisogea kwa miguu, hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka akawa karibu kuingia chini ya tela. Kijana alikaa juu ya kiti chake cha kukunja, birika jikoni, mkeka nyuma yake, chandarua kimefungwa kwenye chuma.

Usiku ule tulimwambia ukweli. Picha imeinama. Kichwa cha lori kimekatwa katikati, na kidole chake kimeingia pembeni kama wingu la waridi. Lakini vitu vyote alivyotaka mama wa Changamwe kuvijua vilikuwamo: mahali pa kulala, chai, chandarua, na uso wa mwanawe usio na dhiki. Ma'mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu kuhusu kile kidole. Akauliza namna ya kushika simu kisije tena, na binti akamwonyesha.

Baada ya hapo ndipo mwenye kamera alipoweka picha yake, nasi tukanyamaza kwa sababu nyingine kabisa.

Aliipiga jioni ile tuliporejea Busia. Hapa mpakani wapo wafanyabiashara wenye ulemavu wa miguu ambao huvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, zinazozungushwa kwa mikono, nyuma zimejengewa nafasi ya mizigo. Tuliwaona wengi, wanaume kwa wanawake, wakisukumwa na vijana wakati mzigo ukizidi. Katika picha ile mwanamke wa makamo anapanda mwinuko, mikono imekaza, magunia yamemzidi kimo, na jua la magharibi limempiga uso na vumbi lote limekuwa dhahabu. Ilikuwa picha bora kuliko zote tulizopiga tangu tujuane. Ilinyooka, na hapakuwa na kitu cha kuongeza wala cha kupunguza. Mashaallah zikatutoka zenyewe, na safari hii zilistahili.

Muuguzi wetu peke yake hakusema. Zamu yake ilipofika akauliza: "Anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba umempiga."

Mwenye kamera alitaka kujibu, akakumbuka sharti la kunyamaza. Tulipomruhusu alijitetea vizuri, na haki yake tumpe. Alisema kwamba ukiomba ruhusa, mtu hubadilika, hujiweka sawa, na ule ukweli hupotea. Akataja Mohamed Amin, Mwislamu mwenzetu, mzaliwa wa Nairobi, aliyepiga picha za njaa ya Korem kule Ethiopia mwaka 1984, dunia ikaamka na kutoa. Je, angepita akiomba ruhusa kwa kila aliyelala chini?

"Kule palikuwa na njaa," alisema muuguzi. "Huyu yuko kazini kwake."

Mwalimu akatukumbusha harusi zetu. Katika kupamba, bibi harusi akiwa ametolewa na wanawake wamevua mabuibui, ni sisi tunaosimama mlangoni kuzichukua simu za wageni. Tumewahi kuvunja undugu kwa sababu ya picha moja iliyotoka ukumbini. Na bibi zetu, walipotaka picha, walikwenda wenyewe kwa miguu yao, studio ya Parekh mjini Mombasa au nyinginezo. Wakachagua nguo, wakachagua kiti, wakaamua mtandio ukae vipi. Hata wapiga picha wa kivuko cha Likoni, wenye mapazia yaliyochorwa ndege na meli, walingoja mtu asimame mwenyewe na kusema nipige. Haya tunayoyataka kwa nafsi zetu, tumeyaacha stesheni ya treni Mombasa?

Hatukuafikiana usiku ule. Wawili wetu waliona kwamba barabarani si ukumbini, na anayepita hadharani amekwisha kuonekana. Hoja hiyo ina uzito, na hadi leo wanaishikilia. Lakini mwenye kamera mwenyewe, baada ya Alfajiri, alisema: "Tukamtafute."

Haikuwa kazi ngumu. Wenye baiskeli zile hujuana, na kijana mmoja alituelekeza alipokuwa amepumzika, kando ya ukuta, magunia ya karanga yakiwa chini. Tulisalimiana, tukajieleza, mwenye kamera akachutama ili wawe sawa kwa kimo, akampa kamera aitazame. Mama yule aliangalia kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa tabasamu lake.

"Hii futa," alisema. "Hapa nakaa ni kama naomba. Mimi siombi. Mimi nauza."

Tulitazama tena, na kweli ilikuwamo. Macho yetu sita, na usiku mzima wa kujadili mwanga na mstari, hayakuiona: mkono mmoja uliokuwa ukirudisha usukani ulionekana umenyooshwa mbele, kiganja juu. Kwa asiyejua, ni mwombaji. Mwenye kamera akaifuta mbele yake. Hatuwezi kusema haikumuuma. Alikaa kimya kitambo, na mmoja wetu akamshika bega.

Mama akaona hayo, nadhani akatuhurumia. Akasema tungoje. Akamwita kijana apakie magunia vizuri na lile lililochanika ligeuzwe nyuma. Akafungua gunia moja, akachota karanga na kuzijaza bakuli la kupimia, akaliweka mapajani. Akatoa leso safi na kuifunga upya kichwani. Akaisogeza baiskeli mwenyewe mpaka ukuta wa buluu ukawa nyuma yake, pasipo mtu wala nguzo ya kumtokea utosini, jambo ambalo sisi hukumbuka mara moja katika kumi. Ruhusa tuliyoomba ilikuwa ya kubaki na picha hiyo nyumbani kwetu, si ya gazeti, na ndiyo sababu hamtaiona hapa.

Akapigwa. Akaomba kamera, akaitazama, akaonyesha kwa kidole. Kivuli cha mpigaji kilikuwa kimeangukia karanga.

"Simama huku," alimwambia mwenye kamera. "Piga tena."